Mezani na Msalani

Nyumba yenye adabu ina sheria ambayo haijaandikwa popote: jikoni ni jikoni, msalani ni msalani, na katikati pawe na ukuta, mlango na, Mungu akijalia, ndoo ya maji. Sungura hana habari na sheria hiyo. Yeye hutafuna huku anajisaidia, tena bila haraka, na ukitaka akuachie zulia lako sharti ukubali kumwandalia chakula chake chooni.

Mimi nimelelewa Tanga, katika nyumba ambayo ukitaja choo wakati wa kula unapigwa jicho. Jambo hili halikuniingia upesi.

Karafuu na Tangawizi walitufikia kutoka Lushoto ndani ya boksi la viatu. Mjomba wa watoto alilikabidhi mlangoni, akaapa kwamba wote ni majike, akakataa hata chai. Sisi tunakaa Magomeni, ghorofa ya pili. Hatuna uwanja wala pa kujenga banda, kwa hiyo wageni wakawa wa sebuleni. Magharibi ilipoingia, mume wangu, ambaye bila miwani haoni vizuri, aliokota kipunje sakafuni, akakizungusha vidoleni, akauliza nani kamwaga pilipili manga.

Sungura mmoja mwenye afya hudondosha punje 200 hadi 300 kwa siku, na sisi tulikuwa nao wawili. Dada anayetusaidia kazi alizitazama, akazitazama tena, kisha akasema kwa upole kwamba tulipopatana mshahara, hawa hawakutajwa.

Cha kushukuru ni kwamba sungura wa kufugwa ana ustaarabu wake. Mababu zake wa Hispania waliishi mashimoni kiukoo, wakawa na sehemu maalumu za kwenda haja, na mjukuu hajasahau. (Yule Sungura wa hadithi zetu, anayemzungusha Fisi, ni ndugu wa mbali tu: hachimbi shimo, hulala chini ya kichaka. Ujanja wote ulibaki kwake.) Ukimwangalia wa kwako utaona keshachagua pembe. Wetu walichagua nyuma ya kochi la wageni. Basi unamfuata na beseni huko huko alikotaka mwenyewe. Ukijitia kumpangia, umekwisha.

Beseni nililotoa lilikuwa la kuoshea samaki. Halikurudi tena jikoni. Fundi seremala wa jirani alinipa maranda bure, lakini yalikuwa ya msonobari, na harufu yake kali haiwafai, kwa hiyo nikatandika magazeti yaliyochanwachanwa. Punje zilizotapakaa zikaokotwa na kutiwa humo ili wenyewe wapate ujumbe; mkojo ukafutwa kwa karatasi, karatasi nayo ikatiwa humo humo. Sakafu tukaisugua kwa siki, maana mkojo wa sungura una chokaa, ukikauka huacha ukoko mweupe ambao sabuni haiuwezi. Chupa ya siki ikahama jikoni, ikawa mkazi wa sebuleni.

Wao wakaligeuza beseni kitanda. Mchana kutwa wamejinyoosha humo, haja wanatoka kwenda kufanyia nje. Daktari wa mifugo ndiye aliyetutoa gizani: rundikeni nyasi kavu upande mmoja wa beseni, wale hapo hapo, kwa sababu tumbo la sungura hufunguka anapotafuna. Tukafanya, na asubuhi zulia lilikuwa kavu. Daktari huyo huyo alimgeuza Tangawizi chali, akatabasamu. Dume! Mimba ya sungura ni kama siku 31 tu, na dume akibalehe hurusha mkojo hadi ukutani kutangaza mipaka yake. Tukalipia ahasiwe, tukawatenga vyumba kwa wiki kadhaa, maana hata baada ya kisu dume huweza kutia mimba kwa muda. Boksi la mjomba tumelihifadhi kama ushahidi.

Kisha akaja mama mkwe kutoka Pangani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivi hawa mnawalisha chooni?"

Nikaeleza. Alinisikiliza kwa huruma. Alfajiri, akienda kutawadha, alimkuta Karafuu amejikunja, mdomo kwenye makalio, anapokea kitu na kukimeza. Niliitwa kwa sauti ambayo huitiwa mtu nyumba ikiungua. Nikaeleza tena, nusu nimelala: kuna punje ngumu na kuna laini, hizo laini zimechachuka tumboni, zina vitamini na protini, na sungura asipozila hudhoofu. Si mbali sana, nikasema, na ng'ombe anavyocheua.

"Ng'ombe," akasema mama mkwe, "hucheulia juu."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Kilichombadilisha ni mchicha wangu wa kwenye makopo, pale roshani. Mbolea ya sungura haisubiri kuozeshwa kwanza kama ya kuku. Unaimwaga ilivyo na mizizi haiungui. Mama mkwe aliyapapasa yale majani, akanyamaza, akauliza kama kuna kiroba kitupu ndani. Alipoondoka alikipakata mwenyewe kwenye basi. Utingo alitaka kujua ni mzigo gani. "Dawa," akajibiwa.

Siku hizi akipiga simu huuliza hali ya wajukuu kwa ufupi, halafu huuliza hali ya Karafuu na Tangawizi kwa kirefu. Juzi alilalamika kwamba kiroba tulichomtumia kilikuwa chepesi.

"Waongezeeni nyasi huko chooni kwao," akasema. "Hamuwalishi."