Pikapu ya Fundi, Kasese Hadi Bwera: Vitu Saba kwa Mpangilio wa Heshima

Wapenzi wa boda, tulieni kwanza. Najua boda hubeba mifuko miwili ya saruji, fundi akakaa juu yake, na safari ikafika. Kinyamaseke, kwenye njia hii ya Bwera, nimeiona moja imebeba mlango mzima pamoja na fremu yake, dereva akichungulia barabara kupitia tundu la kitasa. Heshima yake iko palepale. Leo lakini ni zamu ya pikapu ya tani moja, ile iliyonunuliwa kuukuu na sasa inatakiwa iwe stoo, karakana na ofisi ya mwashi. Tani moja ni mifuko 20 ya kilo 50, na hapo hujaweka hata nyundo. Tunahesabu kutoka mkiani kwenda kileleni. Ubishi unaruhusiwa, ila fika namba moja kwanza.

7. Maandishi ya nyuma

Kopo moja la rangi, maneno mawili matatu, na mwashi amepata jina jipya. Kuanzia siku hiyo mteja hamwulizii yeye, anaulizia gari: "Yule wa *Mungu Yupo* leo kapita?" Ni tangazo la bei nafuu kuliko yote Kasese. Tatizo ni kwamba rangi haibebi mchanga. Nafasi ya saba, na ashukuru kuingia.

6. Majani ya springi ya kuongeza

Hapa najua nimeshawaudhi madereva. Wengi wangeyaweka ya kwanza. Sikilizeni: springi huficha uzito, haiupunguzi. Gari linasimama wima kama halijabeba kitu, lakini breki ni zilezile na tairi ni zilezile. Teremka nalo kutoka Kilembe likiwa limeshiba mawe, ndipo utajua nani hakuambiwa habari za springi mpya. Na likiwa tupu, kila tuta linarusha vifaa kama bisi kwenye sufuria.

5. Sanduku la chuma lenye kufuli

Likae mgongoni mwa kichwa cha gari, kutoka ubavu hadi ubavu. Ndani: mwiko, tindo, patasi, futi, uzi, misumari kwenye makopo yake. Toboa matundu chini maji yapate pa kutokea, maana sanduku lisilo na tundu ni beseni lenye kufuli. Mwashi mmoja wa Bwera amepaka kila mpini rangi nyeupe. Nilidhani ni urembo, mpaka jioni moja giza likiingia nikamwona akihesabu vifaa kwenye majani bila tochi, kumi na vinne, vyote. Kwa akili hiyo peke yake sanduku lilistahili nafasi ya pili. Limeshuka kwa sababu mafundi wengine hulitumia kuhifadhi makoti.

4. Keria ya juu

Ukitaka kuanzisha ugomvi saiti, zungumzia nondo. Nondo nzima ina mita 12, na pikapu nzima haifiki hata nusu ya hiyo. Basi dukani wanaikunja katikati kama mkeka, inafungwa, mkunjo unatangulia na mikia inaburuzwa lami ikitoa cheche. Watoto wanafurahi. Mimi roho inaniuma, kwa sababu chuma kilichokunjwa kikanyooshwa kwa nyundo hakirudi kuwa kile kilichotoka kiwandani, na sisi tunajenga juu ya bonde la ufa. Machi 1966 ardhi ya Toro ilitikisika ikaua watu, na Februari 1994 ikatikisika tena. Tetemeko likija litatafuta penye udhaifu, na wewe umelikunjia pahali pa kuanzia.

Dawa: pima kwanza, kata nondo dukani kwa urefu wa kazi yako, zilale juu ya keria ya chuma, kitambaa chekundu mkiani. Kipande kirefu kupita keria kitafutiwe lori. Bati nazo zifungwe mbele kabla ya nyuma, kwa sababu upepo huingilia chini ya ukingo wa mbele. Bati iliyofungwa nyuma tu ni ndege inayosubiri ruhusa.

3. Turubai na mipira ya tyubu

Mvua ya Rwenzori haipigi hodi. Unatoka Kasese juani, unafika Kikorongo juani, unakata kulia kuelekea Bwera, na mlima umeshafunika uso. Turubai kila mtu analo. Ushindi uko kwenye kifungio. Kamba ya nailoni hulegea gari likitetemeka. Ukanda wa tyubu ya tairi kuukuu hujivuta wenyewe kila mzigo unaposhuka, tena fundi wa pancha anakukatia kwa bei ya soda. Kama bado unatumia kamba, tusalimiane tu, tusiende safari pamoja.

2. Chaga

Mbao chache, unene wa vidole viwili, zimepigiliwa kama kitanda na kulazwa kwenye bodi. Basi. Mbona imelipita turubai? Kwa sababu turubai linazuia maji ya juu, ilhali saruji hufia chini. Maji yanapenya mlangoni, yanatambaa sakafuni, na mfuko wa chini unakuwa jiwe kabla ya kuonana na mchanga. Saruji inatengenezwa Hima, wilayani humuhumu. Kuiharibu katika saa moja ya mwisho ni kumfukuza mgeni aliyeshafika mlangoni.

Unaponunua pikapu kuukuu, inua pia mkeka wa bodi. Kama iliwahi kubeba chumvi ya Katwe, utaona barabara kupitia sakafu.

1. Kiti cha pimamaji

Ndiyo, kiti. Mbele, kando ya dereva, pimamaji limefungwa ndani ya sweta kuukuu. Sogea pembeni, kibarua.

Timazi linaweza kusafiri nyuma na mawe, maana ni uzito na uzi, na uzito haujui kudanganya. Pimamaji lina kichupa na povu, na likigongwa vizuri na jembe kwenye matuta matatu ya barabarani, linaanza kusema uongo kwa sauti tulivu kabisa. Lijaribu kila asubuhi: liweke juu ya ubao, tazama povu, kisha ligeuze kichwa kiwe mkia palepale. Povu likitua palepale, ni mkweli. Likihama, hilo sasa ni rula.

Wiki iliyopita kibarua wangu alilalamika: "Bosi, mimi nakaa juu ya mchanga, na hicho kijiti kinakaa kitini?"

Nikamwambia akiweza kunionyesha ukuta ulionyooka kwa jicho, anahamia mbele kesho. Akashuka, akafumba jicho moja, akaukazia jingine ukuta wa jirani kwa muda mrefu sana. Kisha akapanda nyuma, akagonga bodi mara mbili, tukaondoka.