Kiwanda cha Chandimu

Huko Sialkot, Pakistani, mafundi hushona mpira wa miguu kwa vipande 32, ishirini vya pembe sita na kumi na viwili vya pembe tano, kisha huupima, usipungue gramu 410 wala usizidi 450. Ama mafundi wetu wa Mnyuzi, Tanzania, waheshimiwa ambao meno yao ya mbele yangali yakiota, wao hukusanya matambara na soksi iliyofiwa na mwenziwe, wakayakaza kuwa mpira wa chandimu kwa kamba ya katani, zao ambalo Mjerumani Dakta Hindorf alilileta mwaka 1893 pasi na kudhani kuwa aanzisha kiwanda cha michezo. Serikali ilipoharamisha mifuko ya plastiki, tarehe 1 Juni 2019, wenye viwanda hawa, waliopokonywa ganda la bidhaa yao, hawakualikwa kutoa rai. Wakahamia kwenye salfeti. Mpira wao haudundi, twakiri. Lakini pancha haupati.