Ombi la Kalenda ya Makosa: Waraka wa Wazi kwa Wafadhili wa Haki Jinai

Kwa Waheshimiwa Wafadhili, Washirika wa Maendeleo na Maofisa Miradi wao wote.

YAH: KUOANISHA MAKOSA YA JINAI NA MWAKA WA FEDHA, MKOA WA SINGIDA

Waraka huu unawasilishwa kwa heshima zote zinazostahili, pamoja na shukrani kwa fulana, kofia na mabango yaliyopokelewa hadi sasa, ambayo yamewafikia wananchi kuanzia Kiomboi hadi Itigi kwa ukamilifu ambao haki yenyewe haijaufikia. Lengo lake ni moja, nalo ni kupendekeza namna ya kuondoa kero inayojirudia kila mwisho wa mwaka, pale mradi unapofungwa huku kesi ya mtu aliyekuwa akisaidiwa na mradi huo ikiwa bado inatajwa. Kutajwa, kwa faida ya wasomaji ambao hawajawahi kulala rumande, ni ile hatua ambayo mshtakiwa hupandishwa karandinga, hufikishwa mbele ya hakimu, huambiwa kwamba upelelezi haujakamilika, kisha hurudishwa gerezani kwa siku nyingine 14. Na mahabusu ni mtu ambaye sheria inamhesabu kuwa hana hatia na ratiba inamhesabu kuwa hana haraka.

Mema yaliyotendeka hayakanushwi. Tangu mwaka 2011, kupitia shirika la LSF lililoanza kwa fedha za Denmark na baadaye kuungwa mkono na Umoja wa Ulaya, ruzuku zimeshuka hadi ngazi ya wilaya na kuwawezesha wasaidizi wa kisheria, yaani wananchi waliopewa mafunzo ya msingi ya sheria bila kuwa mawakili, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi. Msaidizi wa kisheria hawezi kusimama mahakamani kumtetea mtu, na kazi yake kubwa ni ile isiyopigwa picha: kumtafuta mjomba wa mshtakiwa huko Mitundu, kumbembeleza akubali kuwa mdhamini, kumsindikiza kwa mtendaji wa kijiji kuchukua barua ya utambulisho, kukuta mtendaji yuko kikaoni na muhuri ameondoka nao, kulala, kurudi kesho yake asubuhi, na kuifikisha barua mahakamani kabla hakimu hajanyanyuka. Safari hiyo ni ya basi moja na bodaboda mbili, na kwa kuwa mwenye bodaboda hana mashine ya EFD hatoi risiti inayokubalika, na kwa kuwa hakuna risiti mkaguzi wa hesabu huikata safari nzima, ilhali chai na sambusa za warsha ya siku tatu hotelini, iliyoitishwa kujadili vikwazo vya dhamana, hupita bila swali.

Hata hivyo kiini cha malalamiko si risiti bali kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania huanza tarehe 1 Julai, wa Marekani tarehe 1 Oktoba, wa Uingereza mwezi Aprili, na wa nchi nyingi za Ulaya bara tarehe 1 Januari, kiasi kwamba mahabusu mmoja wa Manyoni anaweza kusherehekea mwaka mpya mara nne ndani ya miezi 12, na katika kila sherehe akampoteza mtu aliyekuwa akimfuatilia. Fedha za mwaka huo, kwa mazoea, huingia robo ya kwanza ikiwa imeshapita. Zikizidi shilingi milioni 20, kanuni za mwaka 2018 zinataka mkataba wake uwasilishwe Hazina na kwa Msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali ndani ya siku 10. Kisha hufuata uzinduzi, kisha mafunzo ya kujengewa uwezo, na kazi yenyewe huambulia miezi michache iliyobaki. Kesi ya mauaji, ambayo haina dhamana na ambayo upelelezi ukishakamilika husubiri tena kikao cha Mahakama Kuu, haijawahi kuuheshimu utaratibu huo hata mara moja.

Kwa kuwa imeshadhihirika kwamba tarehe za wafadhili hazisogei, na kwa kuwa kesi nazo zimekataa kusogea, upande pekee unaoweza kurekebishwa ni ule wa watenda makosa. Inaombwa basi, kwa unyenyekevu, iandaliwe Kalenda ya Makosa ya Mkoa wa Singida, ambayo itabandikwa katika ofisi za kata zote ikiwa na nembo za wafadhili kwa ukubwa unaolingana na michango yao. Chini ya Kalenda hiyo, kuanzia Januari hadi Machi itakuwa marufuku kutenda kosa lolote la jinai, na pia kusingiziwa, kwa sababu mikataba itakuwa bado inasubiri saini makao makuu. Agizo hilo halitawasumbua wananchi sana, kwani ndio msimu wa kulima alizeti na wenye nguvu za kugombana wengi wako shambani. Aprili utafanyika uzinduzi, mgeni rasmi akiwa Mkuu wa Wilaya. Mei na Juni ndiyo itakayokuwa dirisha rasmi la makosa, na wezi wa mbuzi, wapiganaji wa vilabuni na wavamizi wa mipaka ya mashamba wataombwa kujitokeza mapema, kwa mpangilio utakaozingatia viashiria, yaani vile vipimo ambavyo mradi huahidi kuvifikia kabla haujafahamu tatizo. Na kwa kuwa andiko la mradi limeahidi asilimia 50 ya wanufaika kuwa wanawake, huku mahabusu wengi wakiwa wanaume, Jeshi la Polisi litaombwa lisaidie kuleta uwiano.

Makosa makubwa yatawekewa masharti ya ziada. Mwenye nia ya kuua atashauriwa asubiri ruzuku ya miaka mitatu, na akishindwa kujizuia aambatanishe barua ya maelezo. Mkazi wa vijiji vinavyopakana na Pori la Akiba la Rungwa, ambaye akikutwa na paja la swala asilo na kibali hushtakiwa kwa kumiliki nyara ya Serikali, kosa ambalo linaangukia chini ya sheria ya uhujumu uchumi na ambalo haliwezi kusikilizwa mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka atoe ridhaa yake, ataelekezwa kuiomba ridhaa hiyo kabla ya kuinjika sufuria. Watakaoachiwa wataachiwa Septemba, siku ya kazi, kabla ya saa sita mchana, wakati mpiga picha bado ana mwanga mzuri na ofisa mradi hajaanza safari ya kurudi Dar es Salaam. Oktoba itatengwa kwa simulizi za mafanikio, Novemba kwa kufunga hesabu, na Desemba kila mahabusu atakayekuwa amebaki ndani atakabidhiwa kwa maandishi, kama vile kabati na feni, kwa mradi ujao usiojulikana.

Kuna watakaosema kwamba pendekezo hili ni dhihaka, na waraka unawaheshimu, lakini unawakumbusha kwamba mpango uliopo sasa ndio ulioandikwa na watu wenye nia njema wakiwa macho. Mahabusu huyohuyo anaweza kuhesabiwa kuwa mnufaika na mradi wa kwanza kwa kuelimishwa kuhusu haki ya dhamana katika kosa lisilo na dhamana, akahesabiwa na wa pili kwa kupewa kipeperushi asichoweza kukisoma, na akahesabiwa na wa tatu kwa kuhojiwa na mtathmini kuhusu kipeperushi hicho, hata mwisho wa yote taarifa zikaonyesha wanufaika watatu na gereza likaonyesha mtu mmoja, yuleyule, ndani. Huo ni wizi, tena wizi usio na mshtakiwa, na kila aliyeijaza fomu yake anajua. Waraka unaomba radhi kwa neno hilo na unaliondoa, ili mahali pake lisomeke neno changamoto.

Wala haifai kusahau kilichotokea tarehe 20 Januari 2025, Rais wa Marekani aliposaini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ifanyiwe mapitio. Mashirika yaliyokuwa yakifundisha subira kwa wengine yalilia kwa sauti, na yalikuwa na haki ya kulia, kwani yalionja jinsi inavyouma kuzuiwa bila kuambiwa kosa, kusikia kwamba mapitio hayajakamilika, na kungoja tarehe isiyotajwa. Siku 90! Mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji angezipokea siku hizo kama msamaha wa Rais. Tume ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilizinduliwa Januari 2023 na kukabidhi taarifa yake Julai mwaka huohuo, na wapo mahabusu waliokuwamo gerezani ilipoanza ambao ilipomaliza walikuwa bado wanasikia kwamba upelelezi wa kosa moja unaendelea.

Yapo pia maombi madogo, ambayo hayahitaji kamati. Benki ya Dunia, iliyoidhinisha mwaka 2016 mkopo wa dola milioni 65 wa kuboresha Mahakama, majengo yakiwamo, inaombwa katika jengo litakalofuata ipunguze dirisha moja na bei yake iwe nauli za wadhamini. Ubalozi wa Denmark, ambao mwaka 2021 ulitangaziwa kwamba ungefungwa mwaka 2024 na baadaye ukanusurika, unaombwa ueleze rufaa hiyo ilifunguliwa masjala gani. Na wataalamu wa uendelevu, yaani lile fundisho kwamba maskini ajifunze kujigharimia mfadhili akishachoka, ambao huyashauri mashirika ya Singida yafuge kuku wa kienyeji ili kazi iendelee baada ya ruzuku, wanaombwa wakokotoe ni majogoo wangapi wanatosha kumfuatilia mshtakiwa mmoja wa mauaji tangu kukamatwa hadi hukumu, wakizingatia bei ya pumba na kideri.

Majibu ya waraka huu yanaombwa yatolewe kabla ya tarehe 31 Desemba. Yakichelewa, yasipelekwe katika ofisi ya mradi, kwa sababu itakuwa imerudishwa kwa mwenye nyumba, wala kwa msaidizi wa kisheria, kwa sababu atakuwa amerejea kwenye genge lake la vitunguu. Yapelekwe Gereza la Manyoni, kwa mahabusu mwenyewe, ambaye kati ya wote wanaohusika ndiye pekee ambaye anwani yake haitabadilika.