Gugu la Michongomani

Hongera, shoga, kwa mayungiyungi ya sebuleni. Vitunguu vyake umeviagiza Uholanzi, ukavimwagilia kutwa mara tatu. Viwili vimeshaoza kwa mapenzi, maana havitaki kulala majini. Vilivyochanua vimetia kochi madoa ya chavua, na paka akijilamba chavua hiyo, figo hana.

Wakati huohuo umemtuma kijana ang'oe “gugu” linaloparamia michongoma, lile la maua mekundu yenye kingo za manjano. Gugu hilo ndilo ua la taifa la Zimbabwe. Mwaka 1947 binti mfalme Elizabeth wa Uingereza alizawadiwa pini ya almasi yenye umbo la ua hilo. Sumu nalo linayo, tele, mpaka mizizini. Kosa lake moja tu: limeota bure.