Sifa za Jogoo Aliyeganda Upanga

Wengine wamsifu simba. Mimi namsifu jogoo wangu mweupe, Leghorn, mkazi wa banda la uani hapa Minnesota: hatagi, halindi, na tangu Januari anakula hela kuliko gari.

Naanza na upanga wake wa kichwani. Ulikuwa mrefu, mwekundu, umelalia upande kama kofia ya mtu anayedaiwa. Kwenye joto upanga ni kiyoyozi: damu ya moto hupita pale ikapoa. Babu zake, kuku mwitu wa Asia ya Kusini-Mashariki, waliuvaa wakijua wanaishi wapi. Kuuleta kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri ni sawa na kuingia kwenye theluji na kandambili, jambo nililolifanya mimi mwenyewe nilipotua, kwa hiyo sisemi sana. Wapo kuku wa Kanada waitwao Chantecler. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtawa Wilfrid Châtelain wa Quebec aliwazalisha makusudi wawe na upanga mdogo, umebana kichwani, usigande. Kuku wa maana sana. Lakini nani ametunga sifa kwa sababu ya umaana?

Asubuhi moja ncha za upanga zilikuwa nyeupe; siku chache baadaye zingegeuka kijivu, kisha nyeusi kama utambi uliozimwa. Kwa mapenzi nikaanza kumsugua. Nikaleta na mashine ya kukaushia nywele. Makosa matupu: kusugua huchana nyama iliyoganda, na joto kali huiunguza bila kuku kuhisi kitu. Vidole vyake, navyo vilikuwa vimepauka, vilitaka maji ya vuguvugu tu, taratibu. Nilikuwa nimempakata, miguu yake ndani ya beseni, mama akapiga simu ya video kutoka nyumbani Muheza. Akatazama kimya.

"Baba, unamwosha au unamnyonyoa?"

"Namtibu, mama."

"Maji hayo hayatoshi kunyonyoa," akasema, akamwita jirani aje aone.

Sifa yake kubwa ni kunifumbua macho. Nilikuwa nimeziba kila tundu la banda kwa nailoni, nikajiona mlezi. Kumbe baridi kavu kuku huistahimili. Iliyommaliza ni baridi yenye unyevu: pumzi za kuku saba, kinyesi chao, na ndoo ya maji niliyowawekea humo humo usiku. Dirisha lilitiririka maji kwa ndani. Basi nikatoboa matundu juu, karibu na paa, hewa itoke bila kuwapuliza kichogoni. Nikang'oa na fito za kulalia, nikaweka mbao bapa, ili akilala vidole vifunikwe na manyoya ya tumbo. Matetea sita, ambao hawakuwa wameugua hata mafua, walinitazama kama fundi aliyechelewa.

Jogoo mwenyewe yuko jikoni, ndani ya boksi, maana kilichoyeyuka kikiganda tena huharibika zaidi. Anawika saa kumi alfajiri, akijibiwa na friji. Zile ncha nyeusi sizikati. Zinaikinga nyama hai iliyo chini, zitakauka na kuanguka zenyewe.

Juzi ncha ya kwanza ilianguka karibu na jiko. Nikaiokota, nikashindwa kuitupa, nikaiweka kwenye kisahani. Mke wangu aliiona. Hakuuliza kitu, alishusha tu sufuria kubwa ya pilau kutoka kabatini, akaiacha mezani, mbele ya boksi.