Sifa za bahasha ya kaki

Kero za barabara ya TANZAM, iendayo Zambia, zina watetezi wake. Mizani ina watetezi, foleni ya mpakani Tunduma ina watetezi, hata matuta yana wa kuyasemea. Bahasha ya kaki ya dereva haina mtu. Basi naisimamia mimi. Ni nzito, inachanika pembeni, inanuka dizeli, inachelewesha safari, na kila afisa anayeipokea humwaga karatasi zote mezani kisha huzirudisha kwa mpangilio wake mwenyewe. Pamoja na yote hayo, inavuka mpaka. Huduma zetu za mtandao, nzuri kama zilivyo, nyingi hukomea getini.

Anayetaka kuifahamu aanzie Makambako. Hapo barabara inayotoka Songea kupitia Njombe inaingia kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, hapo reli ya TAZARA ina stesheni, na hapo NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, ina maghala ya kanda. Viazi, mbao, nguzo, mahindi na parachichi za mkoa wa Njombe hupita hapo. Jioni malori yakishapangana pembeni mwa barabara, dereva mwenye safari ya Zambia huenda stesheneri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Nitolee kopi tatu tatu. Hii ya mimea toa nne."

"Na kadi ya njano?"

"Ipi, ya bima au ya chanjo?"

"Zote mbili ziko hapa."

"Basi zote. Nikizikosa kule mpakani, kopi moja nitailipa bei ya mpakani."

Binti anapiga stepla, anaweka orijino juu na kopi chini, anafunga kwa mpira. Ndani ya bahasha kuna pasipoti au hati ya dharura ya safari, leseni, kadi ya gari, ankara ya mzigo, cheti cha afya ya mimea kutoka mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, na hati za forodha zilizoprintiwa. Kuna pia ujumbe wa simu unaoonyesha kwamba kontroo namba imelipwa, nao umeprintiwa. Huu wa mwisho ndio naupenda zaidi. Tangu 2017 serikali yetu inapokea malipo kupitia mfumo wa kielektroniki wa GePG, na mkulima wa Njombe anaweza kulipia kibali akiwa amesimama shambani. Ni kazi kubwa iliyofanywa vizuri. Lakini afisa wa nchi nyingine hana dirisha la kuichungulia GePG, kwa hiyo malipo yaliyokwenda kwa sekunde chache yanageuzwa karatasi ili yaaminike.

Chukua ile kadi ya njano ya bima. Ni ya COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, na hadi leo kadi hiyo inakatwa hapa kwetu na inatambulika Zambia. Wakubwa waliachana kwenye jumuiya, karatasi ikabaki na undugu wake. Hiyo ni sifa ambayo programu chache za kompyuta zinaweza kujivunia.

Pale Tunduma na Nakonde kuna kituo cha pamoja cha forodha, kilichofunguliwa na Rais Magufuli na Rais Lungu mwezi Oktoba 2019. Maafisa wa nchi mbili wanafanya kazi chini ya paa moja, na gari linasimama mara moja badala ya mbili. Hayo ni maendeleo, nani atabisha? Ila kuwakalisha watu pamoja ni jambo moja, kuzikalisha kompyuta zao pamoja ni jingine. Forodha ya Tanzania ilihama kutoka mfumo wa kompyuta wa ASYCUDA kwenda TANCIS mwaka 2014, na baadaye ukaja mfumo wa dirisha moja, TANeSW. Zambia inatumia ASYCUDA World. Kila upande una wakala wake, na mzigo uleule wa mahindi hutangazwa huku, kisha hutangazwa kule. Uzito ukiandikwa kwa tarakimu tofauti, hata kwa kidole kilichoteleza, gari linalala. Kinachomaliza ubishi ni bahasha: karatasi ya mizani inawekwa mezani, inasomwa na wawili, basi.

Mwaka 2024 jambo hili halikuwa la dereva peke yake. Zambia ilipigwa na ukame hadi ikautangaza kuwa janga la taifa, na NFRA ikakubaliana nayo kuiuzia mahindi tani 650,000. Chakula cha namna hiyo kina watu wanaokisubiri. Kila siku lori linapolala kwa sababu kompyuta mbili hazijuani, kuna kaya ambayo sufuria yake inasubiri saini.

Karatasi ina heshima tatu ambazo sijaziona bado kwenye sistimu. Iko mkononi mwa mwenyewe, kwa hiyo dereva anajua nini kimeandikwa juu yake na nani amekisoma. Haiombi mtandao. Na ikikataliwa, anayeikataa analazimika kuonyesha kwa kidole: mstari huu, tarehe hii, mhuri huu haujakolea. Mtu aliyeonyeshwa kosa anaweza kulijibu. Lakini anayeambiwa "sistimu haikuoni" atajibu nini? Atampigia nani simu, wa Dodoma au wa Lusaka? Hiyo ya tatu ndiyo kubwa, maana ndani yake kuna haki ya mtu kusikilizwa.

Watu wa Makambako hawahitaji kwenda mbali kujifunza mifumo inavyounganishwa. Waende stesheni wakatazame reli. Reli yetu ya kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, iliyokubaliwa Beijing mwaka 1967 kati ya Tanzania, Zambia na China, na kujengwa kati ya 1970 na 1975, ilipewa milimita 1,067. Ndio upana wa reli za Zambia na za kusini mwa Afrika. Kwa hiyo behewa linalopita Makambako linafika Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam, na linaweza kuendelea mbele bila kubadilisha magurudumu. Gharama yake tuliilipa nyumbani, kwani pale Kidatu mzigo unaohamia reli ya kati inabidi upakuliwe na kupakiwa upya. Viongozi wa wakati ule waliulizana mapema: tunataka kupatana na nani, na tuko tayari kupoteza nini? Kisha wakaunda mamlaka moja ya nchi mbili kuisimamia reli.

Estonia na Finland zilifanya vivyo hivyo kwenye kompyuta. Mwaka 2017 zilianzisha taasisi ya pamoja mjini Tallinn kuitunza X-Road, njia ambayo mifumo yao hupitishia taarifa. Kila nchi inabaki na kanzidata yake. Januari 2019, kupitia mtandao wa afya wa Umoja wa Ulaya, raia wa Finland akaanza kuchukua dawa katika famasi za Estonia kwa cheti cha daktari wa kwao, bila karatasi. Hakuna kinachotuzuia sisi na Zambia kufikia hapo. Sheria za kulinda taarifa binafsi zipo, ya Zambia ya 2021 na yetu ya 2022. Mamlaka ya Serikali Mtandao ipo kwa sheria ya 2019. Wataalamu wapo. Kilichobaki ni kukaa meza moja na kukubaliana upana wa reli.

Sitaki bahasha idumu milele. Dada anayeuza parachichi Njombe anastahili kupata cheti chake kwa simu na kikasomeka Nakonde kabla lori halijafika Mbeya. Ninachokataa ni kuiondoa bahasha kabla mrithi wake hajafuzu. Wanaounganisha mifumo ya nchi hizi mbili wamwite dereva kwenye kikao, aje na bahasha yake, waitoe karatasi moja baada ya nyingine, na kwa kila moja wajibu: dereva ataiona wapi, itafanyaje kazi umeme ukikatika, na ikikataliwa atakata rufaa kwa nani. Karatasi iliyopata majibu yote matatu ichanwe palepale. Iliyokosa hata jibu moja irudishwe kwenye bahasha, na dereva aruhusiwe kupita nayo.