Mhadhara wa Bingwa wa Povu Juu ya Bei ya Haki

Mheshimiwa Mjumbe wa Nyumba Kumi, ndugu wenye magari, ndugu mnaotarajia kuwa na magari, mafundi bomba mnaolijua tatizo letu la maji na mkanyamaza, nanyi watoto mliokaa juu ya ukuta: itifaki imezingatiwa. Ambaye hakutajwa ajihesabu ametajwa.

Nimeombwa nizungumze juu ya bei ya haki ya kuosha gari uani. Aliyeniomba ni mimi mwenyewe, nami nikakubali baada ya kujibembeleza sana. Kwa wasionifahamu, mimi ni Mshauri Mwelekezi wa Uchumi wa Povu, Kanda ya Tabata na vitongoji vyake. Cheo hiki hakitolewi na chuo chochote, jambo linaloonyesha jinsi vyuo vyetu vilivyochelewa. Magari yanaoshwa uani kwangu kila siku, na yote nayasimamia nikiwa kibarazani, kivulini, kwani mtaalamu akilowa hawezi tena kuchambua. Kijana ndiye anayeosha. Mama watoto ndiye anayenunua sabuni, anayejaza luku na anayeandika daftari. Mimi nimeachiwa lile gumu kuliko yote: kutoa maoni.

Tuanze na historia, kwa sababu mhadhara usio na historia ni soga. Katika karne ya 13, mtawa Thomas Aquinas aliuliza kama ni halali mtu kuuza kitu kwa zaidi ya thamani yake. Akajibu kuwa si halali, ila akaongeza kwamba muuzaji anayepata hasara kwa kuachana na kitu chake anaweza kuihesabu hasara hiyo kwenye bei. Sisi tunaoachana na maji ya madumu kila asubuhi tunajua kuwa alikuwa anatuzungumzia sisi. Mwaka 1776 akaja Adam Smith wa Scotland, akashangaa kwa nini maji, ambayo binadamu hawezi kuishi bila hayo, yanauzwa rahisi, na almasi, ambayo haipikiwi wala haiogewi, inauzwa ghali. Angekuwa Dar es Salaam Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mgao wa maji ukaanza, angeliondoa fumbo hilo kitabuni kabla wino haujakauka.

Kwetu, mwaka 1973 iliundwa Tume ya Bei ya Taifa, ikapanga bei za bidhaa nyingi. Baadaye likaja soko huria, bei zikaachiwa, kila mtu akajipangia. Ndipo tulipofika hapa: uani kwa huyu gari linaoshwa kwa elfu tatu, uani kwa yule kwa elfu kumi na tano, na wote wawili ukiwauliza kwa nini, wanakujibu, "Ndiyo bei yetu." Wananchi, hilo si jibu. Nimekuja na kanuni.

Kanuni ya kwanza: bei ya jirani ni ya jirani. Wengi wenu mliingia kwenye biashara hii kwa kuchungulia ukuta wa pili, mkasikia "elfu tano", mkarudi kubandika elfu nne na nusu. Hamkumuuliza jirani maji anayatoa wapi. Ana kisima. Hamkumuuliza nani anaosha. Ni wanawe, wanaolipwa ugali. Wala hamkuangalia anaosha vipi. Ana ndoo moja na sabuni ya unga, ile ile ya mashuka. Sabuni ya unga ni kali, inaondoa nta iliyopakwa juu ya rangi. Na sponji ikitumbukizwa kwenye ndoo ile ile moja, mchanga uliotoka kwenye rimu unapanda boneti. Mwenye gari anaondoka akitabasamu. Miezi michache baadaye, akisimama juani, anaona mikwaruzo ya duara imejaa kwenye rangi nzima, na analilaumu jua. Anayetumia ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia sponji, na vitambaa safi vya maikrofaiba, hauzi kitu kimoja na yule. Kwa nini basi auze kwa bei moja?

Kanuni ya pili: bei hutoka kwenye daftari, haitoki kinywani. Hesabu ninayowapa sasa nimeifanyia utafiti wa kina, yaani nilikuta daftari la mama watoto limeachwa wazi juu ya friji. Tuchukue Toyota IST, gari ambalo ukirusha jiwe jijini hapa utalipiga, lioshwe ndani na nje.

Maji: lita 100, sawa na madumu 5 ya lita 20. Tuseme dumu ni shilingi 200, hiyo ni 1,000. Umeme: mashine ya presha ya kilowati 1.6 ikifanya kazi nusu saa inakula yuniti 0.8, vakyumu ya kilowati 1.2 kwa robo saa inakula 0.3. Jumla yuniti 1.1, tuseme shilingi 400. Shampuu, dawa ya dashibodi na ya taili: 1,200. Uchakavu: presha ya shilingi 300,000 ikiosha magari 600 kabla haijafa, kila gari limekula 500, vakyumu ya 180,000 kwa hesabu hiyo hiyo, 300, vitambaa na sponji, 200. Hapo ni 1,000 nyingine.

Sasa kijana. Hapa ndipo wengi mnapoangukia. Kijana analipwa 15,000 kwa siku ya saa 10, na gari moja linamchukua saa moja na nusu. Mwenye papara atasema saa moja ni 1,500, kwa hiyo gari ni 2,250. Mama watoto ameandika 3,750. Nilidhani amekosea, nikachukua kalamu nimsahihishe, kisha nikaona maelezo yake pembeni: magari yanayokuja ni 4 kwa siku, si 6. Mvua za masika zikinyesha hayaji hata hayo. Kijana analipwa siku nzima, awe anaosha au anasubiri, kwa hiyo ujira wake unagawanywa kwa magari yaliyokuja kweli. Nimeipa nadharia hiyo jina langu.

Jumlisheni: 1,000 na 400 na 1,200 na 1,000 na 3,750. Ni 7,350. Anayeosha gari hilo kwa elfu tano anamfungia mteja shilingi 2,350 kila anapomfungulia geti, na bado anamwambia "karibu tena". Kwetu bei ni 10,000. Zinazobaki, 2,650, ndizo za mwenye biashara, za kodi na za siku presha itakapogoma. Mimi nilipendekeza ziitwe Mfuko wa Mshauri Mwelekezi. Pendekezo hilo lilifutwa kwa kalamu nyekundu, ishara kwamba linahitaji utafiti zaidi.

Kuna gharama nyingine inayoingia ndani bila kubisha hodi. Mkitumia luku ya nyumbani, magari 4 kwa siku ni yuniti 4.4, siku 18 za kazi zinatosha kuvuka yuniti 75 za mwezi, ambazo ndizo mpaka wa ile bei nafuu ya watumiaji wadogo wa umeme. Nyumba ikitolewa kwenye daraja hilo, friji na pasi navyo vinalipia umeme wa bei kubwa kwa sababu ya gari la mtu mwingine. Na kodi msiisahau. Magari 4 kwa shilingi 10,000 ni 40,000 kwa siku. Siku 100 za kazi, mauzo yamefika milioni 4, ule mpaka ambao mfanyabiashara mdogo akiuvuka TRA huanza kumtambua kwa jina. Nilishauri tuoshe siku 99. Nikaulizwa hizo siku nyingine za mwaka tutakula nini. Swali hilo liko nje ya fani yangu.

Kanuni ya tatu: magari hayalingani, na uchafu haulingani. Noah na Alphard zina safu tatu za siti. Anayetoza sawa na IST ameosha safu moja sadaka. Gari lililotoka ofisini Posta si sawa na lililotoka ufukweni na mchanga wa Coco Beach kwenye reli za siti, wala si sawa na lililobeba samaki wa Feri huku barafu ikiyeyukia kwenye kapeti. Kufua siti ni kazi ya siku nzima: povu, brashi, kunyonya maji, kisha kukausha hadi ndani kabisa, maana sponji ya siti ikifungiwa na unyevu, Jumatatu mwenye gari anaamkia harufu. Siku hiyo, hata akiosha mengine siti zikikauka, kuna magari mawili ambayo kijana hayagusi. Pato la hayo mawili liingie kwenye bei ya siti. Kama halimo, mmejitolea.

Na taa za mbele zilizogeuka njano? Vioo vyake ni plastiki ya polikaboneti, na jua limekwisha kuila kinga yake. Kuna mabingwa uchwara wanaozisugua kwa dawa ya meno na kutoza elfu ishirini. Zinang'aa, sikatai. Lakini kinga haikurudishwa, na baada ya muda mfupi unjano unarudi. Dawa ya meno itozwe bei ya dawa ya meno. Anayesugua kwa msasa wa maji, akapiga polishi, kisha akapaka kinga mpya, huyo ana haki ya kutaja bei bila kutazama chini.

Kanuni ya nne: bei itajwe kabla ya maji kugusa gari. Hii ndiyo nguzo, naomba watoto wa ukutani washuke waiandike. Gari likiingia, lizungukwe. Mkwaruzo wa bampa uonyeshwe, ufa wa taa uonyeshwe, upigwe picha kwa simu mwenye gari akiwa amesimama hapo hapo. Kisha bei isemwe, kwa sauti, mara moja. Bei inayotajwa gari likiwa limeshang'aa ni utekaji nyara. Mteja anajiona amenaswa, nawe unajiona umeibiwa, na mnaagana mkiwa maadui wawili wenye gari safi. Bei ibandikwe ukutani, iwe ile ile kwa mwenye miwani ya jua na kwa dereva wa bajaji. Niliwahi kubuni Tozo ya Miwani ya Jua, shilingi 3,000, na Tozo ya Kiyoyozi kwa anayekataa kushusha kioo akiongea. Zote zimo kwenye kurasa zilizochanwa za daftari.

Kanuni ya tano: ndugu na marafiki. Hawa hawaji na gari, wanakuja na ukoo. "Shemeji, nifanyie bei ya kishkaji." "Mjomba, mwisho wa mwezi." "Dogo, nitakukumbuka." Wanatuma malipo kwa simu bila ya kutolea, halafu wanauliza kama imeingia. Mama watoto ana msimamo: punguzo lipo, ila liandikwe. Shemeji aoshewe kwa 8,000, na zile 2,000 zirekodiwe kama zawadi ya nyumba. Mwisho wa mwezi zawadi zijumlishwe, na zikizidi faida, nyumba ijue kwamba haina biashara, ina harusi isiyokwisha. Bei ikipunguzwa isishuke chini ya 7,350, kwa sababu chini ya hapo anayempunguzia shemeji siyo sisi, ni kijana, kwa mgongo wake. Mimi binafsi nimeruhusu marafiki zangu kadhaa waoshewe bure, kwa maslahi ya utafiti. Majina yao yameandikwa kwenye daftari, ukurasa wa "Madeni ya Baba".

Ninaona kijana amenyoosha mkono. Ameuliza: kama gari linalipwa 10,000, na kuna mshauri, na kuna kiti cha mshauri, na kuna chai ya mshauri saa nne na saa kumi, gharama za mshauri ziko mstari gani? Swali zuri. Swali zuri sana. Litajibiwa kwa maandishi.

Nahitimisha. Bei ya haki ni ile inayomlipa aliyelowa, inayonunua presha mpya ya zamani ikifa, inayoacha kitu kwa mwenye daftari, na inayotajwa mteja akiwa bado ana nafasi ya kuwasha gari lake na kuondoka. Nyumba ikishindwa kuilipa kazi yake yenyewe, mteja hana wajibu wa kuilipia. Nendeni mkahesabu leo jioni, kwa kalamu, na mkikuta mnaosha kwa hasara, pandisheni bei kesho asubuhi na muwaeleze wateja kwa nini. Watakaoondoka ni wale mliokuwa mnawalipia ninyi.

Kiingilio cha mhadhara huu ni shilingi 5,000 kwa kila kichwa, watoto wa ukutani nusu bei. Samahani kwamba hatukukitaja mlipoingia. Malipo yapokewe na mama watoto. Mimi sikabidhiwi fedha, kwa sababu za kitaalamu.

Naomba kuwasilisha.